Alibakiwa na karata ngapi?

Mtu akishinda mchezo ambao kila dalili ilionyesha atashindwa, kitu cha kwanza anachotafuta ni mtu wa kumsimulia. Ushindi wa kawaida unaweza kukaa nao kimya. Huu hapana. Na ni katika kusimulia ndipo habari inapoanza kupinda, maana msimulizi huchukua tukio moja linalong'aa, analipamba, na yale mengine yaliyobeba mzigo anayaacha nje. Mimi nilifundishwa hilo mwaka 2019, mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, mtaa wa Kasenga, nikiwa na simu iliyopasuka kioo na msikilizaji mmoja ambaye hakuwahi kushika karata maishani mwake.

Msikilizaji huyo ni baba yangu mkubwa. Sisi ni watu wa Bijombo. Kwa asiyepajua: ukisimama Uvira mjini ukalipa ziwa Tanganyika mgongo, utaona milima imesimama kama ukuta. Bijombo iko juu huko, nyuma ya ukuta. Kwenye ramani ni ndani ya teritware ile ile ya Uvira, lakini kwa miguu ni kupanda kutwa, na baridi yake mtu aliyezaliwa kando ya ziwa haiamini mpaka alale usiku mmoja bila blanketi la pili. Kuna ng'ombe, kuna viazi, kuna ukungu ambao asubuhi hukufanya usikie kengele ya ng'ombe kabla hujamwona. Mapigano yalipowaka upya kule juu, vijiji vikachomwa, watu wa makabila yote wakatawanyika: wengine wakajibanza karibu na kambi ya MONUSCO, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, wengine wakashuka Uvira, wengine wakavuka hadi Burundi na Uganda. Kabila langu silitaji hapa. Kwetu swali hilo limeshaua watu wengi, na katika habari hii halina kazi.

Baba mkubwa aliteremka na fimbo, redio na koti lake. Ubao wake wa igisoro ulibaki. Kwa hiyo alichimba vishimo nyuma ya nyumba tuliyopangishiwa, chini ya mwembe, safu nne za vishimo vinane vinane, akaokota vijiwe kando ya mto Mulongwe mpaka vikatimia 64. Msomaji anayejua bao ameshaelewa. Igisoro ni ndugu wa bao: vishimo 32, kila mchezaji ana safu mbili na kete 32, unazipanda, unazinyakua za mwenzako, unazirudisha upande wako. Kuna sharti moja dogo ambalo mgeni hulipuuza. Huwezi kuanzia kwenye kishimo chenye kete moja. Lazima ziwe mbili au zaidi. Asiye na kishimo cha namna hiyo hana pa kuanzia, na asiye na pa kuanzia ameshindwa, hata kama upande wake umejaa kete moja moja kila mahali.

Mimi wakati huo nilikuwa nimezama katika mchezo mwingine kabisa. Hearthstone ni mchezo wa karata wa simu na kompyuta uliotolewa na kampuni ya Blizzard ya Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata ukaingia kwenye simu za kawaida. Babu wa michezo hii ni Magic, uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield na kutoka mwaka 1993, wakati karata bado zilikuwa za karatasi na vijana walibadilishana shuleni. Katika Hearthstone hakuna cha kubadilishana. Unaweka pamoja fungu lako la karata 30 kutoka kwa zile ulizonazo, unapewa shujaa mwenye uhai 30, na mtandao unakutafutia mtu wa kupigana naye. Zamu ya kwanza una nguvu 1 ya kutumia, ya pili 2, hivyo hivyo hadi 10. Kila zamu unaokota karata moja. Ukitaka karata mpya unanunua pakiti ya karata tano, kwa pesa halisi au kwa dhahabu ya mchezo, 100 kwa pakiti. Karata usiyoitaka unaisaga kuwa vumbi, na vumbi hilo linatengeneza nyingine: ile ya daraja la juu kabisa ukiisaga inakupa vumbi 400, lakini kuitengeneza inakugharimu 1,600. Kwetu sokoni anayenunua kwa bei moja na kuuza kwa mara nne yake hatumwiti Blizzard, tunamwita kwa majina mengine.

Mtoto wa shangazi yangu alikuwa anafanya kazi Bujumbura, mahali penye intaneti ya bure, na ni yeye aliyeupakua mchezo kwenye simu kabla ya kunigawia. Giga zote hizo kwa mega za kununua Uvira, ningeuza mbuzi. Kuucheza wenyewe hakuli mega nyingi, kinachokula ni masasisho. Kila baada ya wiki kadhaa mchezo unakataa kufunguka mpaka uusasishe, nami nikawa navuka Kavimvira hadi Gatumba na kuendelea Bujumbura kwa visingizio mbalimbali, simu mfukoni. Mwaka 2020 korona ilipofunga mpaka, mchezo nao ulinifungia. Lakini hapo tayari mambo haya yalikuwa yamepita.

Pesa za pakiti sikuwa nazo. Fungu langu lilikuwa la shujaa wa vita, yule ambaye uwezo wake ni kujiongezea ngao 2 kila zamu kwa nguvu 2, na karata zake nyingi zilikuwa zile za bure au za daraja la chini. Karata moja tu ilikuwa na thamani: Brawl. Ukiitupa, viumbe wote walioko uwanjani, wako na wa mwenzako, wanapigana hadi anabaki mmoja. Nani anabaki? Hilo halichagui mtu. Kompyuta inapiga kura.

Kilichonivuta si karata tu. Mchezo huo hauna maongezi. Humwandikii mpinzani chochote. Unaona jina lake la bandia, naye analiona lako, na kila mmoja ana maneno sita yaliyoandaliwa: la shukrani, la pongezi, la salamu, la mshangao, la kukiri kosa na la kutisha. Hapo mwanzo kulikuwa na la kuomba radhi, likaondolewa mwaka 2015 kwa kuwa watu walilitumia kukejeli. Mimi maneno sita yalinitosha. Uvira wakati ule kila mtu aliyeshuka kutoka milimani aliulizwa, dukani, kanisani, kwenye foleni ya maji: wewe wa wapi, wa nani? Kwenye simu hakuna aliyeniuliza. Niliingia kwa jina nililojitungia, nikapigwa, nikatoka.

Nasema nikapigwa kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa hali. Usiku mmoja rezo ya simu ilikuwa nzuri, umeme ulikuwapo, na mtandao ukanipangia mtu mwenye shujaa mchawi. Mchawi huyo ana uwezo ambao watu wanaupenda kuliko wote: kwa nguvu 2 na kwa kujiumiza uhai 2, anaokota karata ya ziada. Mpinzani wangu aliutumia karibu kila zamu. Mkono wake ulijaa, mezani kila mara akaweka jitu jipya lenye mapambo ya dhahabu kuzunguka picha, karata ambazo mimi nilikuwa nimeziona kwenye orodha tu. Kisha akamtupa Jaraxxus. Huyo, kwa kanuni za wakati ule, anachukua nafasi ya shujaa mwenyewe: mchawi anaondoka, anakuja pepo mwenye uhai 15, upanga wa mapigo 3, na uwezo wa kuita kila zamu, kwa nguvu 2 tu, jitu la mapigo 6 na uhai 6. Watu wengi wakimwona Jaraxxus wanabonyeza kitufe cha kujisalimisha.

Mimi sikubonyeza, na sababu si ushujaa. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya nyuma, mega zilikuwa zimeshalipwa, usingizi haukuwapo.

Zamu iliyofuata akateremsha kila alichobakiwa nacho mkononi. Alitaka kunimaliza. Sasa kwake kulikuwa na viumbe watano, kwangu mmoja, kibwana kidogo cha mapigo 1 na uhai 3, karata ambayo hata watoto wanayo. Nilikuwa na uhai 9 na ngao sifuri. Kamba inayoungua mezani, ambayo ndiyo saa ya mchezo huu, ilishafika nusu. Nilikuwa na nguvu 10. Hesabu ilikaa sawasawa: Brawl ni 5, karata ya ngao ni 3, uwezo wa shujaa ni 2.

Nikatupa Brawl. Viumbe sita wakajikusanya katikati, vumbi likatimka kwenye kioo, na lilipotua alikuwa amesimama kibwana changu.

Uwezekano wake ni mmoja kati ya sita, sawa na kuomba upande fulani wa dadu. Si muujiza, na bado nilipiga ukelele nikamwamsha mtoto ndani. Nikajiongezea ngao 7, kibwana kikampiga pepo pigo lake moja, uhai wake ukawa 14. Mpinzani akatuma neno la mshangao. Halafu ikawa zamu yake, akanyoosha mkono kuokota karata, na hapakuwa na karata.

Hapa kuna kanuni niliyoijua kwa kuisoma tu. Fungu likiisha, mchezo hauishi. Kila zamu unapotakiwa kuokota nawe huna cha kuokota, unaumia: mara ya kwanza 1, ya pili 2, ya tatu 3, na kuendelea, bila kikomo na bila dawa. Mchawi yule alikuwa amekunywa fungu lake lote. Akaumia 1. Akaita jitu, akakiua kibwana changu kwa upanga na kuumia 1 nyingine. Jitu lile nikaliondoa kwa karata mbili za bei ndogo. Akaumia 2. Akaita lingine. Mimi ngao 2. Akaumia 3, majitu yakawa mawili, nami nikaweka mbele yangu vijiukuta vya kukinga, vile viumbe dhaifu ambavyo mtu mwenye karata nzuri haviweki kwenye fungu lake. Akaumia 4. Pigo lake la zamu hiyo lilinishusha hadi 7. Nikaongeza ngao 2, nikaweka kiukuta kingine, nikamaliza zamu mapema bila kungoja kamba. Yeye alikuwa na uhai 3 na majitu matatu uwanjani. Mkono wake ukaenda kuokota, akaumia 5, pepo akapasuka.

Hakutuma neno. Alitoweka tu.

Asubuhi nilimsimulia baba mkubwa. Alikuwa anapanga vijiwe vyake, nami nikaketi upande wa pili wa vishimo, simu mkononi, nikamwonyesha picha za karata. Sitadai alielewa yote. Nilipofika kwenye Brawl nilisimama kabisa, nikaigiza vumbi, nikaigiza kibwana kilivyobaki peke yake. Nikamweleza habari ya moja kati ya sita. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa hadithi: mnyonge, bahati, ghafla. Yale ya baadaye niliyapitia haraka, kwa maneno kama "kisha akafa."

Akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiwe cha mwisho mahali pake.

"Huyo mtu wako," akasema, "ulipotupa ile ya vita, alibakiwa na karata ngapi?"

"Mkononi?"

"Mkononi, na zile za kuokota."

"Hakuna. Zote zilikuwa zimeisha."

"Basi mbona unaniambia habari ya yule mdogo?"

Nilijitetea. Nikamwambia bila yule mdogo ningekufa zamu iliyofuata, na hilo ni kweli. Majitu yale mengine yote kila moja lingetosha kunivuruga. Naye akakubali, upesi kuliko nilivyotarajia. Kisha akauliza swali la pili: na kama huyo mtu angekuwa bado na karata kumi za kuokota, yule mdogo angenisaidia nini? Nikafikiri. Jibu ni kwamba angenisaidia zamu moja. Labda mbili. Angekuja mwingine mkubwa, na mwingine, nami sikuwa na Brawl ya pili.

Bado nalitafakari jibu hilo, na naona lilivyo gumu kulipokea. Bahati ilinipa zamu moja. Zamu zote zilizobaki nilipewa na mpinzani mwenyewe, tena si katika dakika ile ya vumbi bali mwanzoni kabisa, katika zile zamu za kuchosha alipokuwa anaokota karata mbili mbili na mimi naona wivu. Kila aliponunua karata ya ziada alikuwa anauza zamu ya mwisho. Alikuwa anajua, bila shaka. Mtu mwenye karata zile anajua mchezo kuliko mimi. Lakini aliamini hatafika huko, kwamba mimi nitakuwa nimekufa zamani, na mara nyingi imani hiyo humlipa. Kinachoitwa ushindi usiotarajiwa, mara nyingi ni hesabu ambayo mwenye nguvu aliona haina haja ya kufanywa.

Baba mkubwa alinikumbusha mchezo wake mmoja, Bijombo, siku ya soko, na mfanyabiashara wa ng'ombe aliyepanda kutoka bonde la Ruzizi. Nilikuwapo, mtoto wa kubeba fimbo za wakubwa. Mfanyabiashara alinyakua na kunyakua, watu wakacheka, upande wa baba mkubwa ukabaki na kete za kuhesabika. Lakini alizibana nyuma, mbili hapa, tatu pale, akawa anasogeza kidogo kidogo. Yule mwingine kete zake zilitawanyika kwa sababu ya kupanda mno, na zile zilizokuwa kwa mafungu baba mkubwa akazinyakua kwa mpigo mmoja ambao watu wa Bijombo waliusimulia muda mrefu. Wote tuliusimulia mpigo. Yeye mwenyewe, miaka yote hiyo, alikuwa anajua mpigo ule ungekuja tu kwa namna moja au nyingine. Baada ya mpigo huo mfanyabiashara alikuwa bado na kete, zimekaa moja moja kama kuku waliofukuzwa, na hana hata kishimo kimoja cha kuanzia. Aliangalia ubao muda mrefu sana. Akasema atalipa bia.

Katika igisoro kila kitu kiko wazi, hakuna karata iliyofichwa na hakuna kura, kwa hiyo mtu hawezi kujidanganya kuhusu sababu ya kushinda kwake. Nadhani ndiyo maana wazee wanaoucheza wana dharau fulani kwa hadithi zetu. Karata zina mlango wa kutorokea pande zote mbili: ukishindwa, ni bahati, ukishinda, ni akili. Vijana wa Kampala walioubadilisha mchezo wa karata uitwao matatu kuwa programu ya simu wanajua vizuri mlango huo. Matatu nayo ina saba yake ya kukata mchezo, na anayeishika wakati mzuri hutembea wiki nzima kama profesa.

Baada ya siku ile nilianza kuhesabu. Ukigusa fungu la mpinzani kwenye kioo, mchezo unakuonyesha amebakiwa na karata ngapi, jambo ambalo lipo wazi kwa kila mtu na ambalo sikuwahi kulitazama. Nikaliacha vumbi langu 400, ambalo lingetosha kunitengenezea Brawl ya pili, nikaongeza viukuta. Wachawi nikawa nawangojea kwa hamu. Wengine walinipiga, lakini walinipiga wakiwa na jasho, na baadhi, wakishaona fungu limepungua na mimi bado napachika ngao zangu mbili mbili, waliondoka wenyewe.

Halafu nikakutana na wawindaji. Shujaa mwindaji kila zamu kwa nguvu 2 anakupiga mapigo 2 usoni, viukuta havikukingi, na fungu lake ni wanyama wadogo wenye mbio. Mwindaji hachoki kwa sababu hakai. Zamu ya sita au ya saba nimelala chini, fungu lake bado nusu nzima, nami nimehesabu vizuri sana. Nilipanda na kushuka ngazi zile zile za mchezo, nikishuka zaidi.

Nikampelekea baba mkubwa lalamiko hilo, chini ya mwembe, kama mtu anayerudisha bidhaa dukani. Nikamwambia hesabu yake haifanyi kazi kwa wawindaji.

"Huyo hangoji uishiwe?"

"Hangoji."

Akafikiri kidogo, vijiwe vikilia mkononi mwake.

"Basi huyo usicheze naye mchezo wangu," akasema. "Panga, ni zamu yako."